Leo Sikuwapo? Kutoka Ngarambe hadi Fomu ya Kampuni

Miaka michache iliyopita nililetewa kazi ya kutafsiri. Kampuni moja kubwa ilitaka kuwauliza waajiriwa wake maswali mawili: ni kitu gani wanachokipenda katika kuitumikia kampuni, na ni kitu gani wasichokipenda. Karatasi yenyewe ilikuwa ya kurasa mbili, nami nikadhani nitaimaliza kabla ya adhana ya adhuhuri. Ilinikalia siku nne.

Swali la kwanza lilipita bila taabu. La pili ndilo lililonikwamisha. Kiingereza chake kilikuwa laini mno, kana kwamba mtu anaulizwa iwapo chai yake aipenda na tangawizi au bila tangawizi. Kiswahili hakikulijua swali hilo kwa ulaini huo. Watu wa pwani na wa bara walishalijibu muda mrefu kabla ya kuulizwa, na majibu yao yamo ndani ya maneno tunayoyatamka kila siku bila kuyasikiliza: kibarua, kipande, posho, manamba. Kila nilipolitafuta neno la kuandika, nilikuta limekwisha kaliwa na mtu wa zamani. Na aliyekaa mbele ya wote alikuwa mtu wa Ngarambe.

Ngarambe ni kijiji cha Rufiji, kusini mwa mto, kandokando ya pori ambalo kwa miaka mingi liliitwa Selous, na ambalo sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019. Wapenzi wa fasihi wanalijua jina la mtu wake mashuhuri, Kinjikitile Ngwale, kwa njia ya tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, iliyochapishwa mwaka 1969. Tumezoea kumtazama mtu huyo kwa upande wa maji: mzuka wa Hongo, kuzama kwake mtoni mwaka 1904 na kuibuka kwake salama, dawa aliyowagawia watu ili risasi za Mjerumani ziwe maji. Leo namwomba msomaji amtazame kwa upande wa kazi. Waliokwenda Ngarambe kuitafuta dawa ile walikuwa watu wenye kisa na mwajiri.

Na kisa hicho hakikuanza kwenye pamba. Tusisahau kwamba Mrima ulitawaliwa kwanza na kampuni kabla ya kutawaliwa na dola. Mwezi wa Aprili 1888 Sayyid Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikodisha pwani yake kwa Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na mwezi wa Agosti watumishi wa kampuni wakaingia mijini kupandisha bendera na kushika forodha. Watu wa Pangani na miji mingine hawakukubali. Walisimama na Abushiri bin Salim na Bwana Heri, na kampuni ikashindwa kazi, hata ikabidi serikali ya Ujerumani ilete askari. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889. Tarehe 1 Januari 1891 dola ikaichukua nchi mikononi mwa kampuni. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy aliitungia utenzi vita ile. Baadaye, Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi akaitungia utenzi vita ya Maji Maji. Hivyo washairi wetu walishika daftari mbili, moja ya vita vya kampuni na moja ya vita vya pamba, nami naziona kama juzuu mbili za kitabu kimoja.

Pamba ilikuja hivi. Kuanzia mwaka 1902, Gavana von Götzen aliamuru kila eneo la jumbe liwe na shamba la pamba la pamoja. Watu wazima watalima humo siku 28 kwa mwaka. Mapato yagawanywe mafungu matatu yaliyo sawa: fungu la wafanyakazi, fungu la jumbe, na fungu la chombo cha serikali kilichosimamia mauzo. Kwenye karatasi, utaratibu huo haukuwa mbaya kuusoma. Siku 28 si nyingi, na theluthi ni theluthi. Lakini theluthi ya watu mia, ikigawanywa kwa watu mia, si kama theluthi ya jumbe mmoja. Malipo yalipofika mikononi yalikuwa madogo mno, hata wapo waliokataa kuyapokea. Tena siku zenyewe zilizidi zile zilizoandikwa, na zilidaiwa wakati uleule ambao mtu alipaswa kuwa kwake akipalilia mpunga na mtama na kuwafukuza nguruwe.

Lipo jambo hapa ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Watu wale hawakuwa wageni wa biashara wala wavivu wa jembe. Mchele wa Rufiji uliletwa hapa Unguja kwa majahazi. Ufuta, sandarusi na mpira wa msituni viliuzwa pwani, na boriti za mikoko ya delta zilivuka bahari hadi Uarabuni, zikaezeka nyumba za watu ambao hawakupata kuuona mto huo. Mtu wa Rufiji na wa milima ya Umatumbi alijua kulima kwa ajili ya soko, na alijua bei. Alilolikataa ni kazi ambayo hesabu yake iko mkononi mwa mtu mwingine. Hakujua siku yake imeandikwaje, wala hakuwa na mahali pa kuuliza.

Linganisha hilo na safari ya Ngarambe. Watu walitoka mbali, makundi kwa makundi, wakakaa wakingoja zamu ya kupewa dawa. Siku zao hazikuandikwa na mtu, na akida hakuwa na fimbo juu yao. Simulizi za wazee, zilizokusanywa katika miaka ya 1960, zinakubaliana kwamba Kinjikitile aliwataka wasubiri, wasianze vita mpaka atoe amri. Wamatumbi hawakuweza kusubiri zaidi. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete, waliingia katika shamba la pamba na kung'oa miche. Jambo hilo hunishangaza kila ninapolisoma: hawakuanza kwa kuchoma nyumba wala kuua mtu, walianza kwa kuing'oa kazi. Kinjikitile alikamatwa na kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, kabla vita havijafika mbali. Vita viliendelea hadi 1907, na njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba ikaua kuliko bunduki. Wajerumani wenyewe walikadiria watu 75,000 waliokufa. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alifikisha makadirio yake hadi 300,000. Hayo ndiyo yalikuwa majibu ya swali la pili la fomu yangu.

Lakini fomu ilikuwa na maswali mawili, na mwandishi mwadilifu hana budi kuyajibu yote mawili. Watu hawakuichukia kila kazi ya mwajiri mkubwa. Katika miaka ileile Reli ya Kati ilikuwa ikijengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 hadi Kigoma mwaka 1914, na maelfu walikwenda wenyewe kuichimbia tuta lake, kwa kuwa fedha ililipwa na mtu aliweza kuondoka akaoe au akanunue ng'ombe. Wanyamwezi, ambao tangu enzi za misafara walikuwa mabingwa wa kubeba mizigo na wa kugoma posho inapopungua, walishuka hadi mashamba ya Tanga kutafuta fedha. Mkonge wa huko nao ulianza na kampuni: mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kampuni ile ile ya Kijerumani, aliagiza miche kutoka Florida, na ile michache iliyofika hai, 62, ikapandwa karibu na Pangani. Katika miaka ya 1950 mashamba yaliyotokana na miche hiyo yaliajiri watu zaidi ya laki moja.

Ni katika mashamba hayo ndipo neno *kipande* lilipopata uzito wake. Kilikuwa kadi yenye nafasi thelathini. Ukimaliza kazi ya siku unatiwa alama. Nafasi thelathini zikijaa unalipwa. Msomaji atashangaa kusikia kwamba wengi walikipenda. Waliona heri kipande kuliko mkataba wa miezi mingi, kwa sababu kilimwachia mtu uhuru: leo afanye kazi, kesho ashughulike na shamba lake, keshokutwa arudi. Siku ilikuwa mali yake, akiiuza moja moja. Neno hilohilo, likivuka mpaka kwenda Kenya, liligeuka kuwa cheti cha kumfunga Mwafrika. Kuanzia miaka ya 1919 na 1920 kila mwanamume alilazimika kukibeba, kikiwa ndani ya kikebe cha bati kilichoning'inia shingoni, na mwajiri ndiye aliyeandika ndani yake. Tofauti ya vipande hivyo viwili ni nani anayeamua siku ijazwe lini.

*Kibarua* nacho kina safari yake. Ni barua ndogo, kijikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya kutwa akakionyeshe apate ujira wake. Hapa Unguja, katika karne ya kumi na tisa, walikuwamo watumwa waliotumwa mjini kutafuta kibarua, kisha wakampelekea bwana wao sehemu ya fedha. Neno lililozaliwa katika utumwa, hata hivyo, likaja kupendwa na watu huru. Makuli wa Mombasa na wa Dar es Salaam walishikilia ukibarua wao kwa miaka mingi, ingawa waliojiona wenye busara waliwashauri kwamba ajira ya kudumu ni bora. Kuli aliyeitwa na meli leo, kesho akaenda kuvua au kulima, hakuwa na bosi wa kudumu. Mombasa ilipoufuta ukibarua wa bandari katika miaka ya 1950, wapo walioona wamepata mshahara wakapoteza kitu ambacho hawakuweza kukiandikia bei.

Wasidhaniwe, kwa sababu hiyo, kuwa watu wasiojali fedha. Makuli wa Dar es Salaam waligoma mwaka 1939, wakagoma tena 1943, na mgomo wao wa Septemba 1947 ulipanda reli ukasambaa bara. Mombasa nayo ilikuwa imesimama mwezi wa Januari mwaka huohuo. Hapa kwetu mgomo wa 1948 ulianza kwa makuli wa bandarini mwezi wa Agosti na kuugeuza mji mzima kimya. Wazee wa mitaa ya Ng'ambo waliusimulia kwa fahari hata walipokuwa wamesahau kiwango cha nyongeza iliyopatikana.

Neno la tatu, *manamba*, silipendi hata kulitamka. Mashamba ya mkonge yalipohitaji watu wengi zaidi, mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha wafanyakazi, iliyojulikana kama SILABU. Watu waliletwa kwa mikataba kutoka Kigoma, Songea, Rungwe na hata Ruanda-Urundi. Kila mmoja alipewa namba. Wenyeji wa Tanga wakalitazama jambo hilo, wakalitungia jina. Hawakuwaita watu hao kwa makabila yao, wala kwa kazi yao. Waliwaita kwa kile walichofanyiwa.

Hapa sina budi kuiacha historia ya wengine kidogo niseme yangu, maana niliwahi kuishika penseli hiyo. Nikiwa kijana wa miaka ishirini na mitatu nilivuka bahari kutafuta riziki, nikapata ukarani katika kampuni kubwa ambayo sitaitaja jina wala mahali pake. Kazi yangu ilikuwa kuandika mahudhurio. Niliipenda, sitasema uongo. Mshahara ulikuja kila mwisho wa mwezi, palikuwa na zahanati, na jioni palikuwa na taa ya umeme ambayo chini yake nilijifunza Kiingereza kwa kamusi iliyochanika. Bila kampuni ile nisingekuwa mfasiri. Nilipata marafiki wa kutoka mikoa ambayo nilikuwa nikiijua kwa ramani tu.

Sharti la kampuni lilikuwa kwamba asiyemaliza kipimo chake cha kuchimba asitiwe alama. Siku moja ilinyesha mvua, mtaro ukajaa maji, na mzee mmoja wa Rufiji akabakisha hatua tatu hivi za kipimo chake. Nyapara akaniambia, weka sifuri. Nikaweka. Jioni mzee akaja dirishani, miguu yake imejaa tope hadi magotini.

"Karani, leo sikuwapo?"

Nikamwambia, "Ulikuwapo, mzee wangu, ila hukumaliza."

"Basi andika kwamba nilikuwapo, mwanangu."

Daftari halikuwa na mahali pa kuandika hivyo. Lilikuwa na alama na sifuri. Nilimweleza hilo kwa upole wote niliokuwa nao, naye akanisikiliza kwa upole zaidi, kisha akaenda zake. Usiku ule niliandika ubeti nyuma ya karatasi ya mahudhurio, na mpaka leo sijaubadilisha:

Kazi haijachukiwa, na watu tangu zamani,
Lililo baya ni kuwa, hesabu imo fumboni,
Mtu aje kuambiwa, leo hukuwa kazini,
Na jasho alolitowa, bado limo mgongoni.

Niliposoma baadaye habari za miaka ya Azimio, nilimsikia mzee yule ndani yake. Mwaka 1967 mabenki, viwanda na mashamba mengi ya mkonge viliingia mikononi mwa umma. Wafanyakazi wakaambiwa kwamba mali ni yao, na msimamizi aliyekuwa *bwana* akawa *ndugu*. Yaliyopendwa katika mashirika hayo hayakuwa machache. Mtu alipata matibabu na akiba ya uzee. Alipata pia muziki: wapenzi wa dansi hawahitaji kukumbushwa kwamba NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, kwamba Urafiki Jazz ilitoka katika kiwanda cha nguo, na Bima Lee katika shirika la bima. Hata pamba, iliyoing'olewa Nandete, ikaja kuwa jina la timu ya mpira ya Mwanza, watu wakaishangilia kwa hiari yao.

Hata hivyo, mara baada ya Mwongozo wa TANU kutoka mwaka 1971, ambao ibara yake ya kumi na tano iliwakataza viongozi ujeuri na unyanyasaji, migomo ilizuka kiwanda baada ya kiwanda hadi mwaka 1973. Issa Shivji, aliyeichambua katika kitabu chake cha mwaka 1976, anaonyesha kwamba mingi katika migomo hiyo haikuhusu mshahara. Ilihusu meneja anayetukana, anayemfukuza mtu bila kumsikiliza, anayemtendea mfanyakazi kama asiyekuwapo. Wafanyakazi waliishika ibara ile kama hati ya shamba. Mwajiri alikuwa umma, wimbo ulikuwa mzuri, na bado mtu alitaka kuonwa.

Rufiji yenyewe imerudi katika habari za kazi kubwa. Mwezi wa Desemba 2018 ulitiwa saini mkataba wa kujenga bwawa la umeme la Julius Nyerere la megawati 2,115, na makampuni mawili ya Misri yakaukubali ujenzi huo. Mto ambao sauti yake iliwaita watu Ngarambe ukawaita vijana kwa maelfu, na vijana wakaenda. Ni jambo la heri kwamba waliomba kazi wenyewe na hawakuswagwa. Mjukuu wa aliyeng'oa mche wa pamba anaweza kuvaa kofia ya kampuni na kuipenda. Simwoni kuwa amemsaliti babu yake. Babu hakupigania kukaa bure.

Nirudi kwenye fomu yangu. Siku ya nne niliandika tafsiri mbili za swali la pili. Ya kwanza ilikuwa ya uaminifu wa kamusi: "Ni kitu gani usichokipenda katika kufanya kazi hapa?" Ya pili niliiweka chini yake, nikaeleza katika barua kwamba ndiyo ninayoiona kuwa Kiswahili chake cha kweli: "Ni kitu gani unachokifanya hapa ambacho hakihesabiwi?"

Walinijibu kwa adabu. Walisema tafsiri ya pili ni nzuri lakini ni swali jingine, na kwamba wangetumia ya kwanza. Kisha wakanilipa ujira wangu, ambao kwa desturi ya kazi hii hupimwa kwa idadi ya maneno ya karatasi iliyotoka kwao. Walikuwa wameyahesabu sawasawa. Zile siku nne hazikuwamo.